Jumamosi za Baba na Mwingereza

Mwezi uliopita nilirudi Louisville kumchukua mama. Hatimaye alikubali kuiacha ile nyumba ya karibu na bustani ya Iroquois na kuja kukaa nami Columbus, baada ya kubembelezana kwenye simu miaka nenda rudi. Nilifika mchana, nikaegesha gari palepale baba alipokuwa akiegesha lake, na kabla sijagonga mlango macho yakaenda yenyewe upande wa jirani. Kibanda cha gari cha Mwingereza hakipo tena. Wenye nyumba wapya wamekibomoa, wakamwaga zege na kuweka trampolini ya watoto. Nilisimama pale na funguo mkononi mpaka mama akafungua mlango na kuniuliza kama nimekuja kumhamisha yeye au majirani.

Wewe uliyekulia ugenini utanielewa. Wengine wanakumbuka utoto wao kwa mto au kwa shamba la babu. Mimi ukiniambia nikuchoree utoto wangu, nitakuchorea paa la bati, viti viwili vya kukunja, na wanaume wawili wasio na lugha moja wakinywa bia taratibu kama watu wanaosubiri kitu.

Nianzie mbali kidogo. Kwetu, milimani juu ya Uvira, bibi yangu alikuwa mpishi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Nilikuwa mdogo sana, lakini pua yangu haijasahau. Ndizi zilifukiwa shimoni, zikafunikwa kwa majani na udongo mpaka ziive, kisha zikakamuliwa kwa nyasi, na maji yake yakatiwa mtama wa kukaanga na kuachwa yachachuke. Hapo watu walisubiri. Hata mlevi mkubwa wa kijiji alisubiri, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kuiharakisha. Ikiiva, ilikuwa na siku yake, na siku hiyo watu walikuja, wake kwa waume, wakaizunguka. Bibi alichota, akanywa yeye kwanza mbele ya macho ya wote, ndipo kibuyu kikaenda kwa mgeni. Kwetu sumu inaogopwa kuliko bunduki, na mwenyeji asiyeonja kwanza asimkasirikie mgeni akikataa kunywa. Mtu aliyekunywa peke yake ndani, mlango umefungwa, alisemwa kuwa ni mchawi. Jioni chungu kilikuwa kimekwisha, na pombe haikuwepo tena mpaka mara nyingine. Kule baba alikuwa mnywaji, hakuwa mlevi, na tofauti hiyo nimeielewa ukubwani.

Marekani pombe haina siku. Iko ndani ya friji kwenye kila kituo cha mafuta, tayari, baridi, asubuhi na jioni. Baba hakuizoea haraka. Tulipofika tuliishi kwanza kwenye fleti za Newburg, na mdogo wangu alipozaliwa pale, baba akaapa kwamba mtoto hatapokelewa kwa makopo ya bia. Alinunua ndizi maboksi kwa maboksi, akachimba shimo nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, na kwa kuwa hakuna migomba Kentucky, akazifunga ndizi zake ndani ya blanketi tulilopewa na watu wa msaada. Alfajiri moja meneja wa fleti akamwona mwanamume mgeni anafukia kitu kirefu kilichofungwa blanketi. Unaweza kukisia yaliyofuata. Polisi walikuja na taa zinazozunguka, mama amebeba kichanga kumwonyesha kila mtu kwamba yuko hai, na mimi, niliyekuwa na Kiingereza cha darasani tu, nikitafuta namna ya kusema kwamba ndizi huzikwa ili ziive. Walifukua wenyewe. Polisi mmoja alicheka mpaka akaegemea gari. Meneja hakucheka, na mkataba wetu ulipokwisha hakutupa mwingine.

Ndivyo tulivyohamia Iroquois, kwenye nyumba ndogo ya kupanga yenye uzio wa waya. Baba hakupika kasiksi tena. Alikuwa anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, kupakia maboksi, na aliporudi asubuhi ndiyo ilikuwa jioni yake. Sisi watoto tulikuwa mezani na nafaka zetu na maziwa, mama amevaa sare ya kazi yake ya kuosha wazee, na baba anafungua kopo lake la kwanza. Watu wa nyumbani waliofanya kazi naye walikuwa na zamu zao tofauti, na wengi wao walikuwa wameokoka, au walijifanya wameokoka. Basi akanywa peke yake, jikoni, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Mwanzoni alikuwa anaonja kidogo halafu anasimama na kopo mkononi, anatazama huku na huku, hana wa kumpa. Mama alikuwa anafunga kamba za viatu vyake na kujifanya hamwoni.

Mwingereza alikuwa jirani yetu wa kulia. Alikuwa mzee mrefu, shingo nyekundu, anavaa soksi ndani ya sandali, na mtu akimwita Mmarekani alikuwa anasahihisha papo hapo. Alikuja zamani kufanya kazi ya uinjinia kiwandani, akaoa huku, mkewe akafa, binti yake akahamia mbali. Mtaa mzima ulijua kwamba anakunywa. Ukipita na basi la shule mchana ungemwona kwenye kibanda cha gari lake, amekaa na glasi, redio inatangaza mpira wa kwao kwa sauti ya chini.

Kufahamiana kwao kulianza kwa kosa, au mimi naliita kosa. Mwingereza alitusaidia kusukuma gari la baba lililokwama kwenye barafu. Baba, kwa shukrani, akaingia ndani, akatoka na chupa ya bia, akaifungua, akanywa funda moja zito, akamkabidhi yule mzee chupa iliyolowa mate yake. Mimi nilitamani barafu inimeze. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba hata chupa ya maji huchangii na mwenzako. Mwingereza aliitazama ile chupa, akanitazama mimi, akauliza kama kuna tatizo na bia. Nikamwambia hapana, kwetu mwenyeji anaonja kwanza ili ujue hakukuwekea sumu. Akafikiri kidogo. Halafu akanywa mpaka nusu, akairudisha kwa baba, na kusema kwamba tangu mkewe afe hakuna mtu aliyewahi kujali kama kinywaji chake kina sumu.

Tangu hapo Jumamosi mchana baba alivuka uzio. Ndiyo siku ambayo hakuwa na kazi, na mama alikuwa kwenye zamu yake au kwenye kwaya. Mimi nilitumwa na sahani ya karanga za kukaanga, na wakati wa kurudi nilikuwa na konzi nzima ya viazi vikavu vya Mwingereza, vile vyenye siki vinavyochoma ulimi. Majani yaliyokatwa yalinukia, mashine za kukata majani ziliunguruma mtaa mzima, na chini ya bati lile palikuwa na harufu ya mafuta ya gari na bia. Mwanzoni nilitafsiri. Baadaye hawakunihitaji, nikabaki kwa ajili ya viazi.

Lakini nilichotafsiri nakikumbuka. Mwingereza alimweleza baba kwamba kwao hakuwahi kuwa na chupa ya pombe kali nyumbani. Baa ilikuwa mwisho wa mtaa, unakwenda kwa miguu. Ukifika unawanunulia wenzako wote, halafu mwenzako anawanunulia wote, na kuondoka kabla zamu yako haijafika ni aibu itakayokufuata mpaka kanisani. Usiku mwenye baa anapiga kengele, kila mtu anafukuzwa nyumbani, mtu mzima na akili zake. Louisville alikuta kwamba baa inafikiwa kwa gari, wanaume wanakaa wamepangana kutazama televisheni, na kila mtu analipa chake. Akaacha kwenda. Akaanza kununua mvinyo wa kunywa na mkewe wakati wa chakula. Mke alipofariki akahamia wiski, na wiski katika jimbo hili inasifiwa mpaka kwenye mabango ya barabarani. Kwanza ilikuwa jioni. Kisha jioni ikaanza saa kumi, kisha saa sita mchana. Nyumbani, alisema, hakuna wa kupiga kengele.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo halikunipa kazi kubwa ya kutafsiri. "Kwetu chungu kinaisha. Hapa haiishi."

Wakajitungia sheria, watu wazima wawili kama watoto wanaopanga mchezo. Asiyefika, mwenzake haanzi. Wiki hii ananunua huyu, wiki ijayo yule. Bia tu, wiski ibaki ndani. Anayefungua anaonja kwanza. Boksi dogo likiisha, Mwingereza anagonga nguzo kwa kijiko na kila mtu anakwenda kwake kula. Na walizishika sheria zao. Asubuhi za katikati ya wiki, jikoni kwetu, baba alianza kunywa chai. Siku nyingine kopo lilibaki kwenye friji halijaguswa, na alikuwa anaamka mchana kutuchukua shuleni, akiimba ovyo ndani ya gari mpaka tunaona haya. Hakuwa ameacha pombe, usinielewe vibaya. Alikuwa ameipatia tena siku yake.

Mama hakuliona hilo, na sithubutu kumlaumu. Kaka yake mkubwa alikufa kambini, tulipokuwa bado wakimbizi, kwa lutuku, ile pombe kali ya mihogo inayoitoboa mifupa ya mtu akiwa bado anatembea. Mama ndiye aliyemwosha. Kwake yeye hapakuwa na pombe ya watu wawili wala pombe ya boksi dogo, palikuwa na pombe tu. Na kulikuwa na aibu ya nje. Tulisali Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa kukodi huku South End, na akina mama wa kanisa walioishi mtaa wetu walianza kusema kwamba mume wa dada yetu anakunywa hadharani na mzungu, barabara nzima inamwona. Ya jikoni hawakuyajua. Yalikuwa ndani, na ya ndani hayasemwi.

Jumapili moja baada ya ibada mama alipakua ugali na sombe, yale majani ya mihogo, akakaa, hakula. Akamwambia baba mbele yetu, bila kupandisha sauti.

"Papa, mi sitaki vita. Uchague: kile kibanda ya muzungu ao hii nyumba. Kaka yangu nilishamuzika. Siwezi nikazika na bwana."

Baba alikata tonge, akalirudisha kwenye sahani. "Bon," alisema. "Nimesikia."

Mimi na mdogo wangu tulitazamana. Tangu siku hiyo niliishi na hofu moja tu: kwamba baba ataondoka. Shuleni watoto wengi walikuwa na baba wa wikiendi, wanaokuja kuwachukua na kuwarudisha kama vitabu vya maktaba, na mimi sikutaka baba wa namna hiyo. Kwa hiyo alipokubali kwenda mbele ya kanisa nilifurahi kuliko hata mama. Mchungaji alimwekea mkono kichwani, akamtamkisha maneno, na baba akayarudia moja moja kwamba pombe haitapita tena kwenye midomo yake. Watu walipiga vigelegele. Mama alilia kwa furaha, shela imemdondoka mabegani. Tulikula wali na kuku siku ile, chakula cha sikukuu.

Jumamosi iliyofuata Mwingereza alisimama kwenye uzio akaita. Baba alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni, akanifanyia ishara nikaseme kwamba amelala. Nikaenda nikasema. Mzee akanishukuru kwa adabu yake yote, akarudi kwenye kiti chake. Boksi lilikuwa miguuni pake, na ilikuwa zamu yake ya kununua. Hakulifungua, maana sheria ni sheria. Alikaa mpaka jua likahama, akaliingiza ndani jinsi lilivyokuwa. Baba alianza kupitia mlango wa mbele ili asionekane kutoka upande ule. Baada ya muda kiti kimoja kikakunjwa na kuegemezwa ukutani, na glasi ya wiski ikarudi nje. Kabla sijamaliza shule ya kati, mleta barua alimkuta Mwingereza ameanguka bafuni, yu hai lakini hasemi vizuri. Binti yake akaja kumchukua, na nyumba ikauzwa. Baba alitazama wale watu wa kuhamisha vyombo akiwa amesimama sebuleni kwetu, nyuma ya pazia. Hakwenda kuaga. Nadhani hakujua aende na nini mkononi.

Nyumbani kwetu amani ilikuwepo. Mama alishuhudia kanisani zaidi ya mara moja. Friji ilikuwa na maziwa na soda. Baba alianza kupenda pipi za minti, na dawa ya kusukutua ikawa inaisha haraka, mama akadhani ni sisi watoto tunaichezea. Gari lake likawa safi kupita kiasi, kila siku amelifuta ndani. Alikuwa anachelewa kurudi asubuhi, anasema kazini kuna saa za ziada. Kuimba kule ndani ya gari, akitutoa shuleni, kukakoma, kwa sababu hakuamka tena mchana.

Majira ya baridi yaliyofuata polisi walimkuta kwenye maegesho ya ghala, asubuhi, amelala kwenye usukani, injini inaunguruma ili apate joto, chupa ya wiski kati ya mapaja. Baba aliamini hana kosa kwa kuwa gari limesimama. Alikuwa mwangalifu, kwa namna yake: hakutaka kuendesha akiwa amelewa, ndiyo maana alilala. Lakini sheria ya huku haiulizi magurudumu, inauliza ufunguo uko wapi. Leseni ikachukuliwa. Bila leseni hakuna ghala, maana basi la mji haliendi kule kwa saa zile. Na mama alikuwa ameshasema neno lake mbele yetu, na mama si mtu wa kusema mara mbili. Hawakugombana hata kidogo. Baba alipaki nguo zake kwenye begi lilelile tuliloshuka nalo kwenye ndege, akatukumbatia, akasema anakwenda Columbus kwa binamu yake mpaka mambo yatulie.

Hayakutulia. Columbus binamu alikuwa na watoto na mke wa maombi, hapakuwa na nafasi ya mtu wa namna yake. Akaenda Buffalo, kwa kuwa aliambiwa kule mabasi yanafika viwandani na vyumba si ghali. Akawa baba wa simu. Alikuwa anapiga Jumapili, mchangamfu kupita kawaida, anauliza masomo, anasema theluji imefika dirishani. Nilimtembelea nilipoanza chuo. Alikuwa na chumba kimoja ghorofani, kitanda kimetandikwa, jiko la umeme, ndagala, wale dagaa wa kwetu, kwenye mfuko wa plastiki, na kila kitu kikinuka minti. Alinipikia. Alikula kidogo sana. Niliona rangi ya macho yake, na yeye aliona kwamba nimeiona, tukazungumza habari za mpira.

Alifariki majira ya baridi yaliyopita, ini. Mwenye nyumba alinionyesha chini ya kitanda: chupa zimepangwa kwa mistari, zimeoshwa, zimefungwa vifuniko. Tulimzika Buffalo, udongo mgumu, na baadaye kwenye ukumbi watu wa nyumbani wakagawiwa maji na soda, kila mtu chupa yake, kila mtu na kona yake. Hakuna aliyeonja kwa niaba ya mwingine. Mchungaji wa kule, ambaye hakumjua vizuri, alisema marehemu alikuwa mtu wa kiapo chake mpaka mwisho. Ukumbi ukaitikia amina. Mama hakuitikia, nami nilidhani ni uchovu.

Sasa nakutazama wewe, rafiki, na wenzetu tuliokulia huku, na naona tumezoea kabisa. Mimi mwenyewe Columbus nina mvinyo kwenye friji. Narudi kazini, namimina, nafungua simu, nakunywa nikiwa nimesimama. Hakuna anayenisubiri ndipo nianze, na hakuna anayegonga nguzo ndipo niache. Bibi angeniona angesema nimekuwa mchawi. Mtoto wa mdogo wangu anajua majina ya bia zote za dukani na hajawahi kuona watu wakiizunguka pombe moja.

Siku ile ya kumhamisha mama tulipakia maboksi mpaka nyumba ikabaki na mwangwi. Nilimkuta jikoni, anafuta sinki ambalo lilikuwa limeshafutwa. Alikuwa anatazama nje, kule kwenye trampolini. Nikamwambia twende, njia ni ndefu. Hakugeuka.

"Jumamosi ingine nilikuwa sina kwaya," alisema. "Nilikuwa nasimamaka hapa, naosha vyombo. Pale kwa muzungu nilikuwa namuona. Anacheka. Anasimama, anakuya kula." Alikamua kitambaa, akakitandaza kwenye ukingo wa sinki kana kwamba atakihitaji kesho. "Mi mwenyewe nilimutoa pale nilikuwa namuona."

Nilizima taa, nikamshika mkono tukatoka. Na ni kweli, tangu siku ile ya kanisani hadi tulipomfukia Buffalo, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona baba akinywa.